Maziwa ya Kuku

Kila asubuhi ninakuwa na bakuli la viini vya mayai mbele yangu. Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya kitalii huku Ikoma, si mbali na lango la hifadhi, na wageni wetu wa siku hizi wakirudi kutoka kutazama simba wanataka omleti ya ute mtupu. Nyeupe tu, tafadhali, wanasema, na wengine hujishika tumbo kabisa kunionyesha sababu. Sibishani na mgeni. Napasua yai, nakipitisha kiini kutoka kipande kimoja cha ganda hadi kingine, ute unachuruzika kwenye chombo cha mgeni na kiini kinaangukia kwenye bakuli langu. Jua likishapanda, bakuli limejaa.

Elia, mpishi mwenzangu kutoka Moshi, alipoanza kazi hapa alilibeba bakuli hilo moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya makombo. Nilimwahi mkono.

"Kaka, weka chini. Hapo umembeba ndugu yangu."

"Ndugu yako yupi tena?"

"Marwa. Huyo asingekuwepo kama si hicho unachotaka kumwaga."

Alidhani namtania, na kweli nilikuwa namtania, lakini nusu tu. Siku hiyo nilivikaanga vile viini kwa vitunguu na nyanya, wafanyakazi wote wakanywea chai, na tangu hapo havijaiona tena ndoo ya makombo. Vikizidi natengenezea kastadi. Elia mwenyewe siku hizi ndiye wa kwanza kuuliza viini viko wapi.

Lakini kuna siku nachemsha mayai mazima kwa ajili ya saladi. Nikimenya moja na kulikata katikati, kiini kikavu kikamomonyoka kidogo kwenye kisu, ile harufu yake, nzito, ya joto, yenye unyoya ndani yake, inaniondoa kwenye vigae na masufuria yanayong'aa na kunirudisha kwenye jiko la mafiga huko Susuni, wilayani Tarime. Ni mtoto ambaye hajaanza shule. Nina kipande cha ute wa moto mdomoni, na mama yangu ameniwekea kidole kwenye midomo ili nisiseme.

Nyumba yetu haikuwa na mwanaume, na wala haikuwa inamtafuta. Bibi yangu, Wankuru, alizaa mabinti watupu, wakaolewa wote wakaenda zao, kisha mume wake akafariki. Kwetu Wakurya, mwanamke aliyebaki bila mtoto wa kiume, kama ana ng'ombe, anaweza kuoa. Anatoa mahari yeye mwenyewe, analeta msichana nyumbani, na watoto ambao msichana huyo atazaa na mwanaume wa nje wanakuwa wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Ndivyo Bibi alivyomuoa mama yangu, Gati. Nikiwaeleza jambo hili wenzangu wa kutoka mikoa mingine wananitazama kama mtu aliyeamka na pombe ya jana, lakini kwangu lilikuwa jambo la kawaida kama ugali. Wenzangu walikuwa na baba. Mimi nilikuwa na Bibi, na Bibi alitosha.

Mahari ya mama ilikuwa kubwa, kwa sababu mama alikuwa mrefu, mchapakazi na hakuwahi kujibizana na mtu. Bibi alitoa karibu zizi lote. Akabakiwa na ng'ombe jike mmoja mzee aliyekuwa amekauka maziwa, mbuzi wachache, na kuku. Kuku ndio walikuwa wengi. Walilala hadi kwenye ghala la mtama.

Mama akanizaa mimi, mtoto wa kike. Bibi alimshukuru Mungu, akaniita Bhoke, akaendelea kusubiri. Alipozaliwa Marwa, mtoto wa kiume, mura kama tunavyosema, ndipo alipopiga vigelegele vilivyosikika hadi ng'ambo ya mto, na inasemekana alicheza hadi akateguka mguu. Hakuwa anafurahia mtoto tu. Alikuwa anafurahia shamba.

Maana palikuwa na mtu anaitwa Nyamhanga, mtoto wa shemeji yake Bibi. Alikuwa mfanyabiashara wa Sirari, mpakani na Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshavuka mpaka muda mrefu. Kila baada ya mavuno alikuja akasimama mwisho wa shamba letu, fimbo begani, akiitazama mihogo yetu kama anayetazama mali yake. Alisema waziwazi kwamba nyumba isiyo na mwanaume wa kuisemea kwenye kikao cha ukoo, ardhi yake hurudi kwenye ukoo. Marwa ndiye angekuja kukaa kwenye kikao hicho na kusema, hapa ni kwetu. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa na kazi kabla hajaota meno, na kazi yenyewe ilikuwa ya mdomo.

Na mdomo ndio uliogoma. Mama aliugua, maziwa yake yakakatika, na Marwa akaachishwa ziwa kabla ya wakati. Maziwa ya ng'ombe hatukuwa nayo. Ng'ombe wetu wa maziwa walikuwa kwa wajomba zangu, walikoenda kumleta mama. Marwa akawa anakula uji wa mhogo asubuhi na uji wa mhogo jioni. Nywele zake zikawa laini na nyekundunyekundu, mashavu yakavimba, miguu ikabaki vijiti. Ukimkalisha chini ya ghala asubuhi, mchana unamkuta palepale. Wenzake wa rika lake walikuwa wanakimbiza mbuzi na kutukanana, yeye hakusema hata neno. Hata kulia hakulia kwa maana. Mimi nilimpenda sana kwa sababu hakuninyang'anya kitu, na mtoto hajui kwamba hilo nalo ni dalili ya ugonjwa.

Mama alimbeba hadi zahanati, nami nikafuata nyuma nikiwa nimeshika ncha ya kanga yake. Muuguzi alimning'iniza Marwa kwenye mizani, akatikisa kichwa.

"Nyumbani mnafuga nini, mama?"

"Kuku."

"Na mayai yanakwenda wapi?"

Mama alimshusha Marwa kutoka kwenye mizani. Muuguzi akamweleza taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba ampe mtoto yai, na hasa kiini chake. Akichemshe hadi kikauke, akivuruge kwenye uji. Ndani ya kiini kuna mafuta ya kumpa nguvu, kuna madini ya kuongeza damu, kuna vitamini za macho na mifupa, na kuna vitu vinavyojenga ubongo. Ampe na maharage na dagaa na mboga za majani, asimwachie mhogo peke yake. Mama alirudi njia nzima akirudia maneno yale kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau.

Jioni aliyapeleka kwa Bibi. Bibi alikuwa anapepeta ulezi, hakusimamisha ungo.

"Yai?" alisema. "Gati, mtoto hasemi, na wewe unataka kumziba kabisa?"

"Muuguzi amesema, Mama."

"Muuguzi ana mtoto hapa? Yai halina mdomo. Ligeuze upande wowote, halina mlango. Mtoto akila kitu kisicho na mlango kabla hajaanza kusema, maneno yake yatapitia wapi? Mimi sijawahi kula yai, mama yangu hakula yai, na unatusikia tunavyosema."

Hilo lilikuwa kweli. Wanawake wa rika la Bibi hawakula kuku wala yai. Walifuga tu. Akamalizia kwa methali, kama kawaida yake akitaka mazungumzo yafe: kuku havunji yai lake. Mama akasema ndiyo, Mama, akaenda kukoroga ugali.

Kesho yake Bibi alipoenda shambani, mama alitumbukiza yai kwenye chungu cha maharage.

Naliona hadi leo likipanda na kushuka kati ya maharage yanayochemka. Alilitoa kwa mwiko, akalimenya huku akirusha vidole kwa joto, akalipasua. Kiini akakisaga kwa mgongo wa kijiko hadi kikawa unga, akakichanganya na uji wa Marwa. Uji ukageuka rangi. Ute akanipa mimi, kwa haraka, na kile kidole kwenye midomo. Ute haukuwa na ladha yoyote ya kusimulia. Lakini nilikuwa napewa kitu cha siri, na kitu cha siri kina chumvi yake.

Sasa naomba mnielewe kwamba nilikuwa mtoto mwenye akili. Nilijua kwamba kifaranga hutoka ndani ya yai. Nilijua kwamba vifaranga wengi wa Bibi walikuwa wa njano. Nikafungua macho nikaona ndani ya yai kuna kitu cha njano. Hapo unahitaji shule ya nini? Ile njano ilikuwa kifaranga aliyelala, amejikunja, na ule weupe ulikuwa maji yake tu. Kwa hiyo mama alikuwa anamlisha mdogo wangu vifaranga, siku baada ya siku, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa nakula maji yao.

Sikuona ubaya. Nilianza tu kuchukua tahadhari. Nilikuwa naweka sikio langu kwenye tumbo la Marwa baada ya kula, na tumbo la mtoto likishashiba huwa halinyamazi, linalia na kupiga vimlio vyembamba, nami nikawa na uhakika kamili kwamba wanaendelea vizuri. Nilimdondoshea punje za ulezi mdomoni ili na wao wapate. Nilimkalisha juani asubuhi kwa sababu kuku mwenye watoto hukaa juani. Na ajabu ni kwamba Marwa alianza kunitazama. Alianza kuzikataa zile punje, akizitema kwa hasira. Siku moja alinivuta nywele, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kulinda vifaranga dhidi ya mwewe. Ukimwona juu anazunguka, unapiga kelele, unamsukuma kuku na watoto wake chini ya tenga, lile kapu kubwa la kufunikia kuku, unakaa juu yake hadi hatari ipite. Basi siku hiyo mwewe alikuja chini kuliko siku zote. Niliwafunika kuku. Halafu nikamtazama Marwa, amekaa peke yake uwanjani, tumbo wazi, limejaa vifaranga. Nikalifunua tenga, nikamwingiza na yeye, nikafunika tena.

Bibi alirudi kutoka shambani akakuta tenga linatembea.

Alilinyanyua kwa mkono mmoja. Kuku akaruka, vifaranga wakatawanyika, na katikati yao alikuwa Marwa, amesimama. Amesimama mwenyewe, ameshika unyoya, amekasirika.

"Bhoke! Nani amemfunika mura na kuku?"

"Mimi, Bibi. Mwewe alikuwa hapo juu."

"Tangu lini mwewe akabeba mtu?"

"Huyu atambeba, Bibi. Ana vifaranga tumboni. Mama anampa kila siku."

Mama alikuwa mlangoni, mikono ina unga. Nilimtazama nikajua kwamba nimesema kitu, ila sikujua ni kipi. Bibi aliliweka tenga chini polepole.

"Gati. Tangu lini?"

"Tangu tulipotoka zahanati."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama," mama alisema. "Ulikataa."

Hakuna aliyewahi kusikia mama akimjibu Bibi.  Niliogopa, kwa sababu nilijua, kama kila mtoto wa kwetu anavyojua, kwamba mke anaweza kurudishwa kwao na ng'ombe wakadaiwa. Niliwaza kwamba jioni ng'ombe watakuja na mama ataondoka. Niliwaza pia, Mungu anisamehe, kwamba tutakuwa na maziwa.

Bibi alivuta kigoda akakaa. Alikuwa na hasira na alikuwa na hofu, na mtu mzima akiwa na vyote viwili hutafuta mtoto wa kukaripia. Akanigeukia mimi.

"Vifaranga gani unaowasema wewe?"

Nikamweleza habari ya njano. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa hewa puani.

"Mtoto wa nyumba ya kuku hajui kuku! Njoo hapa."

Alinishika mkono, tukazunguka nyuma ya nyumba ambako palikuwa na chungu kilichovunjika, na ndani yake kuku aliyekuwa anamalizia kuangua. Mama alitufuata, Marwa kiunoni. Baadhi ya mayai yalikuwa yameshafunguka. Moja kuku alikuwa amelisukuma pembeni, limepoa. Bibi alilitikisa sikioni, akaligonga kwenye jiwe, akalifungua kwenye kiganja chake.

Ndani alikuwemo kifaranga mzima, mwenye manyoya yaliyolowa, kichwa amekifukia chini ya bawa. Alikuwa amekufa. Na tumboni kwake, pale kwenye kitovu, palikuwa na kifuko cha njano, nusu kiko nje na nusu kimeshaingia ndani.

"Umeona? Kifaranga ni huyu. Hii njano si kifaranga, ni posho yake. Anakula humo siku zote akiwa ndani, na inayobaki inaingia tumboni kupitia kitovu, ndipo anatoka. Ndiyo maana akitoka leo simpi kitu, kesho simpi kitu, na bado unamwona anakimbia. Amekuja ameshiba. Kuku hana ziwa, Bhoke. Angemnyonyesha nini? Maziwa yake aliyaweka humu nd..."

Akalisogeza lile ganda karibu na macho.

Alikaa vile, ganda mkononi, akikitazama kile kifuko. Alifuga kuku maisha yake yote. Jambo lile alilijua tangu akiwa msichana, ila hakuwahi kulisema kwa mdomo, na sasa lilikuwa limesemwa na yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Chini ya kuku ikasikika sauti nyembamba. Bibi aliingiza mkono, kuku akamdonoa, akatoa yai jingine, zima, halina hata ufa. Aliliweka kwenye sikio langu. Piii, likasema. Akaliweka kwenye sikio lake.

"Halina mlango," alisema taratibu. "Na linasema."

Mama yangu, mwenye akili zake, alimweka tu Marwa sawa kiunoni.

"Gati."

"Mama."

"Ng'ombe wangu wote wa maziwa wako kwenu."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nimekaa hapa na maziwa chungu kizima, nayalalia kama kuku." Alilirudisha lile yai kwa uangalifu chini ya mama yake. "Mpe mura. Ila mpe mbele yangu. Nataka kuona anavyokula."

Tangu siku hiyo yai la Marwa halikujificha tena kwenye maharage. Bibi alilichagua mwenyewe asubuhi, akililinganisha na wenzake kama anayechagua ndama. Na kwa kuwa alikuwa Bibi, haikupita muda akawa anawatangazia majirani habari za maziwa ya kuku kana kwamba yeye ndiye aliyebeba mtoto hadi zahanati. Kisimani, kanisani, shambani kwa watu. Mama alimsikiliza na kutabasamu chini chini, akaendelea na kazi. Mimi niliendelea kupewa ute, na niseme ukweli, nililalamika.

Baadaye nilisoma mambo ya mapishi na lishe, nikakuta yule muuguzi hakukosea. Ute ni mzuri, una protini safi, simnyang'anyi mtu ute wake. Lakini karibu kila kitu kingine ambacho yai limebeba kiko kwenye kiini: mafuta, vitamini ya macho, ile ya mifupa, madini ya damu, na hicho kinachosaidia ubongo. Rangi yake inatokana na kile alichokula kuku. Kuku wa Bibi walidonoa majani na wadudu, viini vyao vikawa na rangi ya machungwa. Daktari akikuambia upunguze, mtii daktari wako. Wala sitadai kwamba kiini peke yake ndicho kilichomwinua Marwa, maana mama alimpa na dagaa na maharage na mchicha hadi mtoto akawa anamkimbia. Lakini sisi wengine tusikiogope kiini. Kuku aliambiwa apakie kwenye chombo kidogo kila kitu ambacho mtoto wake atahitaji ili awe na macho, damu, mifupa na akili, na akapakia hicho.

Marwa aliota nywele nyeusi. Akatembea, akakimbia, akaanza kuninyang'anya vitu. Kusema tu ndiko kulibaki, na Bibi alianza kumtazama tena kwa jicho la wasiwasi.

Ndipo mavuno yakaisha, na Nyamhanga akaja. Safari hii hakuishia mwisho wa shamba, aliingia hadi uwanjani ambako tulikuwa tumeanika mtama. "Shikamoo, mzee," nikasema. Akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anamwangalia Marwa, aliyekuwa amesimama na fimbo ya Bibi mkononi, akilinda mtama.

"Sasa, Mama Wankuru," alisema, "hii kijana yenu bado haiongei, ama? Nyumba haina sauti, hiyo ni nyumba kweli?"

Bibi alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata neno. Niliona mkono wa mama ukitafuta mkono wake.

Lazima niwaambie kwamba Bibi aliongea Kikurya na watu, lakini kuku aliwafukuza kwa Kiswahili. Sijui kwa nini, labda aliona ni lugha ya serikali. Na wakati huohuo tetea mmoja alikuwa amejipenyeza karibu na viatu vya Nyamhanga, anadonoa mtama wetu. Marwa alimwona. Akanyanyua fimbo kwa mikono miwili.

"Toka!" alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. "Toka hapa! Toka!"

Tetea alikimbia. Nyamhanga hakuwa amemwona tetea. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, macho yamemtoka.

Bibi alicheka hadi akakaa chini juu ya mtama.

"Umesikia?" alimwambia, machozi yakimtoka. "Nyumba imesema."

Nyamhanga aliendelea kuja kila baada ya mavuno, lakini aliishia mwisho wa shamba, na miaka ilivyokwenda akaacha hata hapo. Marwa alikaa kwenye kikao cha ukoo alipofika umri wa kukaa, na nasikia walimwomba apunguze maneno. Leo ni mnadi kwenye mnada wa ng'ombe. Anasimama juu ya kiti, anapandisha bei ya dume kwa pumzi moja, na mtu wa mwisho kule nyuma anamsikia bila kipaza sauti. Shamba ni letu. Mihogo ipo.

Nilipoenda likizo mara ya mwisho nilimkuta Bibi amelala kwenye kitanda cha kamba, meno yote yamekwisha, mwepesi kama kapu tupu. Alikuwa anakataa chakula. Mama, ambaye sasa naye ana mvi, alikuwa amepika uji wa ulezi, na nilipoinama juu ya bakuli nikaisikia ile harufu. Rangi ya uji nikaijua.

Marwa alikaa kitandani, akachota kijiko, akakisogeza. Bibi alinusa.

"Hii ni nini?"

"Maziwa ya kuku, Bibi," Marwa alisema.

"Mimi sijawahi kula hicho. Katika maisha yangu yote." Akamtazama kwa ujanja wake wa zamani. "Na kikiniziba mdomo?"

"Bibi, wewe umesema kwa ajili ya wilaya nzima. Hata kikikuziba, huna deni la maneno."

Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha akakisukuma kando kile kijiko kwa kidole, macho yake yakamwacha Marwa, yakanipita mimi, yakaenda hadi mlangoni, ambako mama alikuwa amesimama kama siku ile, mikono ina unga.

"Mpe Gati kijiko," alisema. "Yeye alijua kabla yangu. Nimezunguka kijiji kizima nikijisifu, na yeye alijua kabla yangu."

Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akajifuta tena. Akaja, akakaa mahali alipokuwa Marwa, akaukoroga uji ambao ulikuwa umeshakorogeka.

"Fungua mdomo, Mama," alisema.

Bibi akafungua.